Milango Iliyochomelewa

Video hiyo ina sekunde 41. Nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia nikiwa nimefumba macho. Wanawake wanne wanapita na kuni kichwani. Mtoto anamfukuza mbuzi. Vumbi jekundu linanyanyuka, kisha linatua. Nyuma yao, kwa sekunde 11, kuna lori limesimama pembeni mwa barabara. Aliyeshika kamera hakuwa na habari na lori. Alikuwa anawafuata wanawake, na lori limeingia kwenye picha kama jirani anayekatiza nyuma ya maharusi.

Faili limeandikwa: "Kasulu, lori la misaada."

Niliipata nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu taka ngumu katika miji midogo ya magharibi mwa nchi. Msimamizi wangu alinipa flashi iliyojaa video za miaka ya 1990, zilizopigwa na watu wa mashirika ya misaada wakati nyanda za juu za Kigoma zilipopokea wakimbizi. "Wewe ni mtu wa huko," aliniambia. "Angalia kama kuna cha kukufaa."

Ni kweli, mimi ni mtu wa huko. Nimezaliwa Kasulu mwaka 1999, nimekulia Murubona. Nilifungua zile video nikitafuta mji wangu kabla sijazaliwa, kama mtu anayepekua albamu ya harusi ya wazazi wake. Nilipofika kwenye ile ya sekunde 41 nikasimamisha picha, kwa sababu ya jambo moja dogo. Juu ya lori walikuwa wametua kunguru wawili.

Lori la misaada halifuatwi na kunguru. Mahindi na maharage ya wakimbizi yalikuwa yakisafirishwa kwenye magunia yaliyoshonwa na kufunikwa turubai. Nikavuta picha karibu. Chini ya lori kulikuwa na majani ya migomba, maganda, na matenga matatu. Mtu mmoja alikuwa kwenye ngazi, mwingine juu kabisa. Lile lilikuwa gari la taka.

Hapa lazima niseme kitu nilichokificha kwa muda mrefu.

Nikiwa kidato cha pili, alihamia shuleni kwetu msichana kutoka Kibondo. Mama yake alikuwa akiuza migebuka sokoni huko. Siku ya wazazi alimwona baba yangu, na jioni bwenini akaniuliza mbele ya wenzangu, bila ubaya wowote, "Hivi baba yako si yule aliyekuwa kwenye gari la taka?" Nikajibu kabla hajamaliza kuvuta pumzi: "Alikuwa dereva wa lori." Kimya kikapita. Mmoja akasema dereva wa lori ana hela. Mambo yakaisha.

Kwangu hayakuisha. Uongo wa bwenini ulikua na mimi. Nilipoomba nafasi ya kusoma uzamili nilitakiwa kuandika kurasa mbili kuhusu nilikotoka, nami nikaandika kwamba ni binti wa dereva wa lori na mkulima. Nilipoulizwa kwenye usaili kwa nini nataka kusoma habari za taka, niliwajibu kwa malengo ya maendeleo endelevu. Nilijibu vizuri. Nilichaguliwa.

Nilichokuwa nakijua kuhusu kazi ya baba kilikuwa kidogo. Alizoa taka Kibondo, kuanzia mwaka 1994 hadi 1999. Kisha alihamia Kasulu, akalima maharage na kutengeneza baiskeli za watu. Habari za Kibondo hakuzizungumza. Na bega lake la kulia lilikuwa bovu. Mkono wake wa kulia haupandi kupita sikio. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba kitu kilicho juu ya kabati haombwi baba. Anachana nywele kwa mkono wa kushoto. Akisalimia mtu wa mbali, ananyanyua wa kushoto. Kuhusu chanzo chake, kila mtu alikuwa na lake. Mama alisema ni baridi ya Kasulu. Shangazi alimtaja jirani, kwa sauti ya chini. Baba mwenyewe alisema ni umri, na alianza kusema hivyo akiwa na miaka 35.

Basi sitadai kwamba nilipoona gari la taka kwenye kioo cha kompyuta sikumuwaza. Nilimuwaza. Lakini faili lilisema Kasulu, na baba alifanya kazi Kibondo. Nikajiambia hili ni suala la utafiti tu: kama lile ni gari la taka, maandishi ya faili yana makosa, na kazi yangu ni kuthibitisha. Nikaanza kulitafuta jina la lile lori.

Kwanza umbo lilinidanganya. Bodi ilikuwa boksi refu la bati, na sehemu yake ya chini ilikaa karibu na ardhi kuliko malori niliyoyazoea. Nilikuwa nimesoma kuhusu Shelvoke & Drewry, kampuni ya mji wa Letchworth, Uingereza, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilianza kuunda gari lililopata umaarufu kwa kuzoa taka za miji. Magari yao ya mwanzo yalikuwa na magurudumu madogo, na dereva aliendesha kwa mikono miwili ya chuma kama mwendesha tramu, hakuwa na usukani. Magurudumu yalikuwa madogo kwa sababu ya maana kabisa: sakafu ya gari ishuke, ili anayebeba pipa la taka asilinyanyue juu. Mtu alikaa mezani akafikiria bega la mzoa taka, kisha akachora gari. Nilipolijua hilo nilitamani sana lori langu liwe hilo.

Halikuwa hilo. Nilipima magurudumu kwa rula juu ya kioo, nikaona ni magurudumu ya kawaida ya lori la mizigo. Kwa hiyo nikaanza upya, safari hii kwa kuondoa yasiyowezekana.

Namba yake ilionekana nusu. Ilianza na TZ, mtindo wa zamani wa magari ya watu binafsi, kabla hazijaja hizi za T na tarakimu tatu. Magari ya serikali za mitaa huanza na SM, ya mashirika ya umma na SU, na ya miradi ya wafadhili na DFP. Kwa hiyo lile halikuwa la halmashauri wala la mradi. Lilikuwa la mtu.

Uso wake ulikuwa bapa. Hilo liliondoa malori yenye pua, kama Isuzu TX, ambayo kwa Mtanzania wa rika lolote ndiyo sura ya neno "lori", na Bedford J, iliyotangulia kuzichana barabara zetu. Nikabaki na malori ambayo dereva hukaa mbele kabisa. Hayo nayo ni mengi, na vumbi la ile video halikuniachia maandishi yoyote usoni mwa gari.

Jibu lililetwa na mtu wa tatu. Sikuwa nimemjali, kwa sababu uso wake hauonekani. Amesimama nyuma ya mlango wa dereva, dumu la njano mkono wa kushoto, anamimina maji. Kwa mkono wa kulia amefunua kipande cha bati ubavuni mwa gari na kukishikilia juu ya kichwa chake, na kile kipande ndicho kimemficha uso. Nilimtazama siku mbili nzima kabla sijajiuliza: huyu anamimina maji wapi? Lori la uso bapa kwa kawaida hufunguliwa kwa kuinamisha kichwa chote mbele, au unatoa kifuniko ndani, katikati ya viti. Hapa injini ilifikiwa kwa ubavuni, nyuma ya mlango.

Lori linalofunguka hivyo ni Bedford TK. Lilianza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wabunifu wake waliisogeza injini nyuma ya viti, wakaweka vifuniko vya bati pande zote mbili ili fundi aifikie bila kuingia ndani. Nilitafuta picha za TK kutoka nchi mbalimbali, nikazipanga pembeni ya ile fremu. Kifuniko kilekile. Mlango uleule. Ile raha niliyoipata sijui niielezee vipi. Nilikuwa peke yangu chumbani saa nane usiku, nimelitambua lori la watu.

Nikapata na historia yake. Bedford lilikuwa jina la malori ya Vauxhall tangu mwaka 1931. Mwaka 1987 General Motors iliiuza biashara ya malori, na kampuni iliyoinunua, AWD, ikafilisika mwaka 1992. Maana yake, wakati baba anaanza kuzoa taka Kibondo, kiwanda kilichozaa malori hayo kilikuwa tayari kimepoteza mwenyewe. Bedford lililobaki hai huku kwetu lilikuwa linaishi kwa mikono ya mafundi na spea zilizong'olewa kwenye mizoga ya wenzake.

Bado bodi. TK zilikuwa nyingi duniani, ila bodi ya namna ile ni adimu, hata nilipotazama picha za nje sikuiona mara kwa mara. Ni bodi ya kupakilia ubavuni. Kila upande una milango ya bati inayoteleza kwenye reli na kupanda kufuata mviringo wa paa. Unasukuma mlango, unamwaga pipa, unaurudisha, unahamia mlango unaofuata. Gari likijaa, bodi inanyanyuliwa kama tipa na taka zinatokea nyuma. Bodi za aina hiyo zilipakiwa kwa mkono kabla magari ya kukandamiza taka hayajaenea. Na hapa tena palikuwa na mtu aliyefikiria bega: kizingiti cha milango hiyo kilifika usawa wa kifua.

Nilitaka kujua ni kifua cha nani. Tairi la lori la rimu ya inchi 20, pamoja na mpira wake, lina kimo cha karibu mita moja. Nikalifanya tairi kuwa rula yangu. Kizingiti cha milango kilikuwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukingo wa juu wa bodi ulikuwa karibu mita mbili na nusu.

Ndipo nilipoona kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote. Mtu wa ngazini alikuwa anapitisha tenga juu ya ukingo wa juu. Mwenzake alilipokea kutoka juu, kwa sababu paa lilikuwa limekatwa. Kwa nini wapitishe taka kwenye mita mbili na nusu wakati milango iko mita moja na nusu? Nikavuta picha mpaka ikaanza kuvunjika vipande. Kwenye kila mlango, pale bati lilipotakiwa kuachana na bati, kulikuwa na mstari mnene usionyooka, kama kovu la mtu aliyeshonwa haraka.

Milango ilikuwa imechomelewa.

Nilifunga kompyuta. Nilikaa gizani, na sikuwa nawaza tasnifu. Nilikuwa nawaza mkono wa mtu unaopandisha tenga la maganda mabichi juu ya kichwa chake, tenga baada ya tenga, soko zima, siku sita kwa wiki. Nilimuwaza baba anavyonyanyua mkono wa kushoto kumsalimia mtu wa mbali.

Mwezi Juni nikaenda nyumbani. Basi lilipitia Nyakanazi na Kakonko, na kulipopambazuka tukawa tunaingia Kibondo. Sasa kuna lami kwenye barabara ya kutoka Kabingo hadi Kasulu na Manyovu, na mtu aliyeanza kuipita juzi hawezi kujua vumbi lililokuwa pale. Mimi nalijua. Linaingia kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli. Nilichungulia dirishani nikijaribu kupatafuta pale mahali pa video, nikaona nyumba, vibanda vya simu, bodaboda. Sikupajua.

Jioni ya pili nilimkuta baba uani, anachambua maharage kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nikaweka kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Baba, naomba uangalie kitu."

Aliangalia mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Hapo si Kasulu," alisema.

"Imeandikwa Kasulu."

"Aliyeandika alikuwa mgeni. Hiyo ni Kibondo, unapotoka kwenda Mabamba." Akagusa kioo kwa kidole, pale kilima kinapokatika nyuma ya lori. "Kilima hicho nimekitazama miaka mitano. Huyu wa ngazini kwao ni Kifura. Alifariki. Huyu wa juu ni Mrundi, alikuwa na nguvu kama winchi. Alitoroka kambini asubuhi, jioni anarudi. Walipoanza kurudi kwao naye akaenda, sijamsikia tena."

Nilisoma sana habari za miaka ile kwa ajili ya tasnifu. Rais Ndadaye aliuawa Bujumbura Oktoba 1993, na maelfu ya Warundi wakavuka mpaka. Kibondo ikawa na kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Mkugwa. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi, na mwaka 1996 Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo. Nimeandika aya nzima kuhusu masoko ya miji hii yalivyovimba na taka zikaongezeka. Katika aya hiyo hakuna Mrundi mwenye nguvu kama winchi.

"Baba, hii milango ya pembeni nani aliichomelea?"

Hapo ndipo aliponigeukia. "Umejuaje kama ilikuwa milango?"

Nikamweleza. Nikamwonyesha picha za bodi kama ile zikiwa mpya, milango imefunguliwa, kizingiti usawa wa kifua. Alizitazama kwa muda, moja moja, kama mtu anayetazama picha za ujana wa rafiki aliyemfahamu mzee.

Akanisimulia. Gari lilikuwa la manispaa moja ya pwani, likauzwa mnadani. Mfanyabiashara mmoja alilinunua akalileta Kibondo, akapewa kazi ya kutoa taka za sokoni. Miezi ya kwanza milango ilifanya kazi. Vumbi likajaa kwenye reli, ikaanza kugoma. Wao wakaisafisha kwa mafuta machafu ya injini, ikaenda. Lakini yule bwana usiku alilitumia lori kubebea mkaa, na milango ilipolegea magunia yakawa yanadondoka njiani. Siku moja walifika asubuhi wakakuta fundi amechomelea milango yote, kulia na kushoto, na paa limekatwa ili mkaa upakiwe kwa juu.

"Mlimwambia?"

"Tulimwambia. Alisema taka ni nyepesi."

Alinyamaza, akaokota maharage mawili yaliyodondoka. "Taka za sokoni si nyepesi. Zina maji. Ndizi zilizooza, maganda, samaki. Na lile tenga linavuja, ukilipandisha linakumwagikia hapa." Akagusa shingo. "Kabla hajachomelea, jioni nilikuwa nachoka. Baada ya hapo, jioni nilikuwa naumwa."

Nikamwuliza swali nililokuwa nalo tangu Dar es Salaam. "Siku hiyo ya video wewe ulikuwa wapi?"

"Nipo hapo."

"Wapi?"

"Kwani hilo dumu linajishika lenyewe?"

Nikatazama kioo. Mtu wa tatu, dumu mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeshikilia bati. Nilikuwa nimeikuza fremu ile, nimeikata, nimeipima, nimeilinganisha na picha za nchi nyingine, nimeandika maelezo yake mstari kwa mstari. Nilijua bawaba za kile kifuniko ziko wapi. Sikuwa nimejua kwamba yule ni baba yangu.

"Maji yalikuwa yanaisha kila baada ya safari mbili," alikuwa anaendelea. "Injini iko nyuma ya kiti, dereva mgongo unaiva. Mimi ndiye nilikuwa mtu wa maji."

Sikuwa namsikiliza vizuri. Nilikuwa natazama ule mkono. Mkono wa kulia, umenyooka, umepita sikio, umepita kichwa, umeshikilia bati la lori kana kwamba ni kitu chepesi tu. Nina miaka zaidi ya 20, na sikuwahi kuuona mkono wa baba yangu ukiwa pale.

Mama alitoka jikoni akatukuta kimya. Alitazama kioo, akamtazama baba, akasema, "Hilo shati ulilichania Mabamba." Akarudi kwenye ugali wake. Yeye hakuhitaji kupima tairi.

Tulipokwisha kula nikamwambia. Nilimwambia habari ya bwenini, na habari ya zile kurasa mbili, kwamba niliandika alikuwa dereva. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira au kwa kimya. Alicheka.

"Dereva ni kazi nzuri. Ila yule wetu alikuwa hanyanyui kitu."

Halafu akasema, bila kunitazama, "Na mimi kule hospitali wakiniuliza kazi nasema mkulima."

"Kwa nini?"

"Unafika, umeoga, umevaa shati zuri, kuna watu wamekaa kwenye benchi wanakusikia. Useme nini?"

Basi tulikuwa waongo wawili ndani ya nyumba moja, kila mtu akimlinda mwenzake na neno lilelile. Na kwa kuwa kila mtu alilificha, bega likakosa chanzo. Tuliupa baridi lawama. Tukaupa umri. Shangazi alimpa jirani ambaye mpaka leo hasalimiwi vizuri.

Ninazifahamu sheria zinazohusika. Ni sehemu ya masomo yangu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayozibebesha serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, ni ya mwaka 2004. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008. Zote nimezichambua kwenye sura ya pili ya tasnifu, na zote zimezaliwa baada ya bega lake. Hata leo, kibarua anayelipwa kwa siku na mtu mwenye lori lake, bila karatasi, hawezi kwa urahisi kuthibitisha kwamba aliwahi kuwa mfanyakazi wa mtu. Baba hana barua ya ajira, hana hati ya malipo. Ushahidi alionao ni sekunde 11, na ndani yake uso wake umefichwa na bati.

Kabla sijarudi chuoni nilimsindikiza hospitali. Tulikaa kwenye benchi pamoja na watu wengine. Alipoitwa tukaingia wote, na daktari, kijana wa rika langu, akafungua daftari.

"Kazi yako, mzee?"

Baba alinitazama. Nje ya mlango uliokuwa wazi, mama mmoja alikuwa anabembeleza mtoto.

"Nilikuwa mzoa taka," alisema. "Kibondo, miaka mitano. Tulikuwa tunapandisha juu ya kichwa."

Daktari aliacha kuandika. Akamwomba anyanyue mkono taratibu, akamwuliza maumivu yanaanzia wapi, yanazidi saa ngapi, walikuwa wanapandisha uzito gani, mara ngapi kwa siku. Maswali ambayo mkulima wa maharage hakuwahi kuulizwa. Alisema kano za bega zimechakaa kwa muda mrefu na mkono hautarudi kama zamani, lakini kuna mazoezi ya kupunguza maumivu ili aweze kulala kwa upande huo. Baba aliyafanya palepale, mkono ukutani, vidole vikipanda polepole kama buibui. Vilifika usawa wa jicho.

Nimerudi Dar es Salaam. Zile kurasa mbili za maombi siwezi kuzirudisha, ila utangulizi wa tasnifu nimeuandika upya, na swali la kwa nini nasoma taka sasa lina jibu fupi. Flashi nimemrudishia msimamizi wangu. Kabla ya kumrudishia nilibadilisha jina la faili moja. Nililiandika refu, mpaka kompyuta ikakataa, nikalipunguza. Sasa linasomeka hivi: "Kibondo, njia ya Mabamba. Gari la taka, Bedford TK, milango imechomelewa. Mwenye dumu ni baba yangu."